Alama chini ya sufuria: kisa cha jiko moja upande wa Kayenze

Jiko lenyewe, huku Mwanza kando ya Ziwa Victoria, lilikuwa la matope, paa la bati lililotoboka hapa na pale, limeegemea jabali ambalo mchana kutwa hufunikwa na dagaa walioanikwa. Mwenye jiko, bibi wa miaka themanini na kitu, alikuwa ameshazikwa. Arobaini ilipokwisha, watoto wake walikubaliana jiko libomolewe zijengwe fremu mbili, maana kiwanja kinapakana na barabara na wapangaji wapo. Hakuna aliyepinga, na mimi sikuona sababu ya kupinga.

Shida ilikuwa vilivyomo. Kijana wake mkubwa, ambaye nilimfundisha historia kidato cha pili, alinipigia simu Ijumaa jioni.

"Mwalimu, shikamoo. Jumatatu tunabomoa. Kuna mzee mmoja wa mjini amekuja kutazama kigoda na mtungi, anavitaka. Vingine ni vikorokoro tu, lakini nikaona nikuambie, maana zamani ulikuwa unatuhimiza tulete vitu vya nyumbani darasani."

Nilimwomba wasiuze wala kutupa kitu mpaka nifike. Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa pale na daftari, tepu ya fundi cherehani na simu yenye kamera.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu nimekutana na watu kadhaa huku ziwani wanaokusanya vitu vya kale kwa moyo mzuri: walimu, vikundi vya ngoma, wenye nyumba za wageni. Karibu wote huanza na kile kinachopendeza macho. Siku mbili ndani ya jiko lile zilinionyesha kwamba habari za watu hujificha kwingine, kwenye alama za kutumika, kutengenezwa na kuazimana, na alama hizo ndizo tunazozifuta kwanza.

Wasifu wa mistari sita

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa Ukerewe, akaolewa huku bara, akajaliwa watoto saba, wajukuu na vitukuu, akaugua, akafariki. Mistari sita, na kila mstari ni kweli. Ila ndani yake hakuna mama aliyefanya kazi yoyote, aliyemdai mtu au kudaiwa, aliyewahi kukosa sabuni au kupata faida. Ndivyo wasifu wa wanawake wengi wa mwaloni, pale ufukweni samaki wanaposhushwa na kuuzwa, unavyosomwa.

Niliandika kila kitu kilichokuwa jikoni, hata vilivyokuwa vimepasuka. Nilianzia mafigani nikazunguka ukuta mpaka mlangoni, halafu nikapanda kwenye uchaga juu ya moto. Kwa kila kitu niliandika kilipokutwa, kimekaa vipi, kimetengenezwa kwa nini, na kina kasoro gani. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonipa kazi kubwa.

Uchagani palikuwa na mgono mmoja, mtego wa samaki uliosukwa kwa fito, umekuwa mweusi kwa moshi. Wajukuu walidhani ni kikapu cha kuku. Mzee mmoja jirani alipouona alicheka kwa furaha, akauchukua, akaonyesha jinsi mdomo unavyoelekezwa mtoni wakati wa masika, samaki wanapopanda kwenda kutaga. "Hapa tulikuwa tunapata ningu," akasema. Mjukuu wa darasa la sita akauliza ningu ni samaki gani.

Swali lile lina uzito wake. Ningu walipungua sana nyavu zilipozidi kutegwa midomoni mwa mito, ambako walipita kwenda kutaga. Halafu sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akatapakaa miaka ya 1980, furu wa aina nyingi wakatoweka, na biashara yote ya mwaloni ikageuka. Mtoto aliyezaliwa Kayenze leo anajua sangara, sato na dagaa. Mgono unamwambia kwamba ziwa analolitazama kila siku halikuwa hivi, na kwamba bibi yake alikuwa na chombo cha kuvulia kabla ya ziwa kubadilika. Hakuna aliyekumbuka kwamba bibi alivua. Mgono ulikuwa wa kimo cha mwanamke au mtoto, mwepesi, wa kutega kwenye maji ya magotini.

Kibuyu kilichoshonwa

Kitu ninachokithamini kuliko vyote katika jiko lile hakina thamani sokoni. Ni kibuyu cha kutikisia maziwa, shingo ndefu, tumbo lake limepasuka kutoka mabegani hadi karibu na kitako. Ufa umeshonwa. Nilihesabu mishono kumi na tisa, midogo, ya kulala upande mmoja, na chini ya mishono kumepakwa kitu cheusi kama utomvu ili kisivuje. Mishono kumi na mbili ya juu ni ya uzi wa nyuzinyuzi za mmea. Saba ya chini ni ya nailoni ya kijani, ile ya makila, nyavu za kutegea samaki.

Kiweke kibuyu hicho mkononi ukisome polepole. Kilipasuka mara ya kwanza nyumbani kwenye ng'ombe, kwa mtu anayejua kusokota kamba ya mmea. Kilipasuka mara ya pili baadaye, ufa ukiendelea kushuka, na safari hii aliyeshona alikuwa na nailoni karibu. Nyavu za nailoni zilianza kuenea ziwani miaka ya 1950 na kuendelea. Kabla yake zilikuwa za kitani na pamba. Kwa hiyo nyumba ileile ilihama kutoka uchungaji kwenda uvuvi, au ilishika vyote viwili, na kibuyu kikavuka navyo. Binti wa pili wa marehemu alipoona mishono ile akanyamaza, kisha akasema ng'ombe wa baba waliisha akiwa mdogo sana, na mama hakupenda kulizungumza. Kibuyu aliendelea kukitunza pasipo maziwa ya kutia.

Wakusanyaji wengi wangekiacha kibuyu kile, wakachukua kizima kilichokuwa pembeni. Kizima kilikuwa kizuri zaidi, chekundu, kinang'aa. Kuhusu nyumba ile hakikuwa na la kusema.

Hili si jambo geni kwa wanaosoma historia ya ziwa letu. Watu walioishi pembezoni mwake zaidi ya miaka 2000 iliyopita hawakuacha maandishi. Tunawajua kwa vyungu vyao vya Urewe, vilivyopewa jina la mahali huko magharibi mwa Kenya, vingi vikiwa na kibonyeo kitakoni. Katuruka, Buhaya, mkoani Kagera, vigae vya namna hiyo vimekutwa pamoja na mabaki ya kuyeyushia chuma. Kinachowasaidia wataalamu ni mapambo, masizi, mahali kigae kilipolala, na kilichokuwa jirani yake. Ukikitoa kigae mahali pake ukakiosha bila kuandika, umebaki na udongo uliochomwa. Jikoni mambo ni yaleyale, tofauti ni kwamba majirani wapo na wanaweza kujibu.

Kosa la Jumamosi mchana

Nilipotoka kwenda kula, wajukuu wawili wa kike waliamua kunisaidia. Walitoa sufuria zote kumi na moja nje, wakazisugua kwa majivu na steelwire mpaka zikawaka. Niliporudi walikuwa wamemaliza nne. Walikuwa wamefanya kwa heshima: mgeni atapigaje picha sufuria chafu za bibi? Lawama ilikuwa yangu. Sikuwa nimewaeleza kitu.

Chini ya zile saba zilizobaki, kwenye kitako au karibu na mkono, kulikuwa na alama. Yeyote aliyepika msibani anazijua alama hizo. Shughuli ikitokea, kila nyumba hutoa sufuria, sahani na beseni, na baada ya kumaliza lazima kila chombo kirudi kwao. Ndiyo maana mama huweka alama yake: herufi mbili zilizochorwa kwa msumari, nukta ya rangi ya kucha, msalaba, mstari wa rangi ya mafuta iliyobaki kwenye mtumbwi. Kwa macho ya mpita njia ni uchafu. Kwa mama wa mtaa ni sawa na jina.

Alama ya marehemu mwenyewe ilikuwa vitone vitatu vilivyopigwa kwa ncha ya msumari, kama mafiga. Tuliikuta kwenye sufuria nne kati ya saba. Tatu hazikuwa zake.

Hapo nikaacha kupima na kuandika, nikaanza kutembea. Nilikwenda na binti wa pili nyumba hadi nyumba, sufuria tatu mkononi. "Mwangaluka mayu," tunasalimia, tunakaribishwa kiti, tunatoa pole tena ya msiba, ndipo tunapindua sufuria. Ya kwanza ilijulikana papo hapo; mwenye nayo alikuwa ameshaisahau, akashukuru. Ya pili ilikuwa na herufi ambazo hakuna aliyezitambua mpaka mama mmoja muuza mihogo akakumbuka kikundi chao cha kufa na kuzikana, kilichovunjika zamani: herufi zilikuwa za jina la kikundi. Wanachama walikuwa wamechanga wakanunua sufuria kubwa tano, na kikundi kilipokufa kila mmoja alibaki na alichokuwa nacho siku ile. Kwa hiyo marehemu alikuwa mwanachama, pengine mtunza vyombo. Watoto wake hawakujua.

Ya tatu ilikuwa na mstari wa rangi ya bluu ya mtumbwi na mkono mmoja tu. Ilituchukua siku nzima ya Jumapili. Hatimaye mama mmoja mtu mzima sana, macho hayaoni vizuri, aliomba apewe mkononi. Akapitisha kidole gumba kitakoni mpaka akaufikia mstari, akaukwangua kidogo kwa ukucha.

"Hii ni ya kwa dada yangu," akasema. "Ilitoka hapa Mei, ile Mei ya meli."

Hakuna mtu wa Mwanza wa umri wetu anayehitaji kuambiwa meli gani. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikitoka Bukoba, ikiwa imekaribia Mwanza, na mamia ya watu walikufa. Wengi wamezikwa kwenye makaburi ya pamoja Igoma. Wiki zile misiba ilipandana, na vyombo vilizunguka mtaa mpaka watu wakapoteza hesabu ya kilichokwenda wapi. Sufuria ya dada yake ilitolewa kwa msiba mmoja, ikapitiliza hadi mwingine, ikaishia kwenye jiko la bibi wa Kayenze. Mwenye rangi ile ya bluu, shemeji yao, alikuwa abiria.

Zile nne zilizosuguliwa sijui zilitoka kwa nani. Naziwaza mara kwa mara.

Makopo mawili

Nyuma ya kinu, ndani ya debe bovu, kulikuwa na makopo mawili ya kupimia, ya ukubwa mmoja. La kwanza kitako chake ni sawa. La pili kitako kimegongwa kwa ndani, taratibu, kwa ufundi, hivyo ukilijaza dagaa linapokea pungufu ya la kwanza. Nilijaza mchele nikapima tofauti: vikombe viwili vya chai, karibu kamili.

Kijana mkubwa alinitazama. "Hilo usiliandike, Mwalimu."

Nilielewa. Kopo la kitako kilichobonyezwa linajulikana kila soko, na mtu hataki jina la mama yake likae karibu na kopo hilo. Lakini lilikuwepo, na nilitaka kujua. Mama muuza mihogo alieleza kwamba wanawake waliokuwa wakinunua dagaa mwaloni alfajiri walipimiwa na walanguzi kwa makopo ya namna ile, na marehemu alilinyang'anya moja siku ya ugomvi, akaliweka kama ushahidi. Mzee wa mgono, tulipokuwa peke yetu, alisema kwa sauti ya chini kwamba kila mwenye meza wakati ule alikuwa na makopo mawili, na hakuona ajabu. Miaka ya mwanzo ya 1980 bidhaa zilikuwa haba, sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, na mizani ya wadogo ilikuwa mikononi mwao wenyewe.

Niliandika maelezo yote mawili, kila moja na aliyelitoa, tarehe na mahali. Tulizungumza na kijana kwa muda mrefu tukiwa tumekaa juu ya jabali. Nilimwambia kwamba mkusanyo wenye vitu vya fahari pekee unawafanya wazee wetu kuwa sanamu, na kwamba kopo lile, kwa maelezo yoyote utakayochagua, linaonyesha mwanamke aliyesimama sokoni akilinda riziki ya watoto saba. Hakukubali siku ile. Alikubali liandikwe, jina la mama lisitajwe, na hapa nimelishika neno hilo.

Mnunuzi

Mzee wa mjini alirudi Jumapili jioni na shilingi 40,000 za kigoda. Kigoda ni cha miguu mitatu, kimechongwa kwa gogo moja, mguu mmoja umeungua ncha, kalio limeliwa upande wa kulia kwa kukaliwa na mtu anayegeukia moto. Alikigeuza akakipiga kofi, akasema akikisafisha na kukipaka mafuta atakipeleka kama kiti cha mtemi.

Nilichukizwa, na bado nachukizwa. Serikali ilifuta utawala wa watemi mwaka 1963, na vitu vyao, ngoma na viti na mavazi, vilibaki pasipo ofisi. Kule Bujora, Kisesa, Padre David Clement kutoka Kanada alikusanya pamoja na wazee wa Kisukuma kwa miaka mingi, hadi makumbusho yakafunguliwa mwaka 1968, na jengo moja likapewa umbo la kiti cha mtemi. Kazi ile ilikuwa na adabu: waliouliza walikuwa wenyeji, na vitu vilijulikana vilikotoka. Anayekivisha kigoda cha jikoni cheo cha utemi anaiba mara mbili. Anamnyima mama kigoda chake, na anachafua habari za watemi kwa uongo ambao mnunuzi atauamini.

Pamoja na hayo, sikumwambia kijana asiuze. Ana wanafunzi watatu na ada inadaiwa. Kumwambia mtu maskini atunze urithi wa taifa kwa gharama yake ni rahisi kwa asiyelipa. Nilichomwomba ni kimoja: tuandike kwanza, kisha aamue akijua anachouza. Nilimsomea daftari, ukurasa wa kigoda, mguu ulioungua na kalio lililoliwa. Dada yake akasema huyo ni mama, pale alipokuwa akigeukia moto. Kigoda hakikuuzwa. Mtungi uliuzwa, nikaona ukipakiwa kwenye bajaji ukiwa na mapambo yake ya kamba iliyosokotwa na kuviringishwa juu ya udongo mbichi, mtungi uliokuja na bi harusi kwa mtumbwi kutoka Ukerewe. Picha zake ninazo, na vipimo, na simulizi ya safari. Mnunuzi hakuomba hata moja ya hivyo.

Tulivyogawa, na ninavyoona sasa

Jumatatu jiko lilibomolewa kama ilivyopangwa. Kinu na mchi alichukua binti wa tatu, na vinatwanga mpaka leo. Kitu kinachofanya kazi kisitolewe kazini ili kipumzike kwenye rafu. Kigoda na kibuyu kilichoshonwa vilibaki kwa binti wa pili. Mgono, karabai isiyo na kioo, koroboi tatu na makopo yote mawili vilikwenda kwenye stoo ya shule pamoja na nakala ya daftari. Daftari lenyewe liko kwa familia.

Kuupeleka mgono shuleni nadhani tulikosea. Stoo ina mchwa, na mzee aliyejua kuutega yuko kijijini, si shuleni. Ungekaa kwake, akasuka mwingine na watoto wakimtazama, tungekuwa na mitego miwili na mikono inayojua. Nimeshazungumza naye; anasema fito nzuri zinapatikana baada ya masika.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii, ushauri wangu ni mfupi. Usioshe chochote siku ya kwanza. Pindua kila chombo uone kitako kabla ya uso. Uliza kitu kiliazimwa kwa nani kabla ya kuuliza kina miaka mingapi, maana umri watu hukisia lakini deni hulikumbuka. Na uende na mtu wa nyumba hiyo. Peke yangu nisingefunguliwa milango ile.

Sufuria ya mstari wa bluu tuliiacha kwa yule mama. Tulipokuwa tunaaga alimwita mjukuu wake, akamwambia asiisugue chini, aisuuze ndani tu, aweke maharage.